Kabla Hujafungua Tangi

Pampu nyingi za mafuta nilizowahi kuletewa nikiambiwa zimekufa zilikuwa hai. Kijana amekwisha kumwambia mwenye gari atume pesa Nairobi, pampu mpya iko njiani na matatu ya jioni, kiti cha nyuma kimetolewa kimewekwa juu ya mawe, na gari likija kufungwa upya linakataa kuwaka vilevile kama lilivyokataa asubuhi. Hapo ndipo mzee hukumbukwa.

Wanangu mnaojifunza kazi kwenye gereji za Majengo pale Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Gakoromone na kule juu Maua, ninachotaka mkishike ni kimoja: pampu iwe ya mwisho kushukiwa. Kabla ya kuifikia kuna njia ndefu ya umeme, na njia hiyo ina mahali ambapo mikono ya watu imepita. Anzeni hapo.

Sisi tulianza na Peugeot 504 na Datsun za kabureta. Pampu ilikuwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na shafti ya kamu, haina waya hata mmoja. Ikichoka unafungua skrubu, unabadilisha kiwambo cha mpira, unaendelea na safari. Magari ya sindano za mafuta yalipozoeleka, mengi yakiwa yametumika Japani, pampu ilihamia ndani ya tangi, ikawa mota ya umeme iliyozama kwenye petroli. Petroli ndiyo inayoipoza. Kwa hiyo kosa ambalo zamani ulilishika kwa vidole siku hizi unalitafuta kwa kupima, na asiyejua kupima hubaki kubahatisha kwa pesa za mwingine.

Njia yenyewe ijueni kwa moyo. Kwenye Toyota nyingi umeme unatoka betri, unapita fyuzi iliyoandikwa EFI, unaingia relei kuu, kisha relei ya pampu ambayo kwenye kifuniko cha sanduku utaiona imeandikwa C/OPN, halafu waya unapita chini ya zulia hadi nyuma, kwenye plagi iliyo juu ya tangi. Hapo unazungusha mota, kisha unarudi kwa waya wa hasi uliofungwa kwa nati kwenye bodi. Kwenye Toyota waya huo wa kurudi huwa mweupe wenye mstari mweusi, na ukiuona mahali popote kwenye gari hilo jua ni hasi. Kompyuta ya gari kwa kawaida haipeleki umeme huo yenyewe. Kazi yake ni kuishika relei ifunge, na haiishiki mpaka ione injini inazunguka.

Jambo hili la mwisho limewaponza wengi. Kijana anawasha swichi bila kupiga stata, anaweka sikio kwenye mdomo wa tangi, hasikii kitu, anatoa hukumu. Lakini Toyota nyingi za zamani hazingurumi swichi ikiwashwa tu, zinangoja stata. Nissan na Subaru ndizo zinazonguruma sekunde chache kisha zikanyamaza. Kwa hiyo mwombe mwenzako apige stata ndipo usikilize. Na kabla ya hapo angalia kama plagi za moto zinatoa cheche. Ikiwa cheche na mafuta vimepotea pamoja, usiende nyuma ya gari kabisa. Rudi mbele kwenye sensa ya krenki, maana kompyuta isiyoona mzunguko wa injini haiwashi pampu wala haitoi cheche. Tazama pia mshale wa mizunguko kwenye dashibodi wakati stata inapigwa. Kwenye magari mengi ukilala palepale sifuri, umekwisha kukuonyesha upande wa kwenda.

Nitakaa kidogo kwenye swali la kwa nini watengenezaji walijisumbua hivyo, kwa sababu hapa ndipo naona mafundi wetu wanafanya kosa linaloweza kuua. Bosch walipotoa mfumo wao wa L-Jetronic miaka ya 1970, waliweka swichi ndogo ndani ya kifaa kinachopima hewa: injini ikivuta hewa kibao kinasogea, pampu inapata umeme, injini ikizima kibao kinarudi, pampu inakatika. Land Rover na Ford wakaongeza swichi ya mgongano, gari likigonga kitu pampu inazimwa hapohapo. Lengo ni lilelile: gari likipinduka na bomba likapasuka, pampu isiendelee kumwaga petroli juu ya injini ya moto.

Sasa anakuja dereva wa Probox iliyosheheni muguka kutoka upande wa Mbeere. Mzigo wake unapoteza bei kila saa inayopita. Anakwambia, fundi, funga waya moja kwa moja nifike, nitarudi kesho. Harudi. Waya ule unabaki miezi, gari linauzwa, mwenye kununua hajui kitu. Na barabara yetu hii ya Embu kwenda Meru mnaijua, mabonde kwa mabonde: Thuci, halafu Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka darajani na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi pampu ilihusika na ajali ile. Nasema magari hutumbukia huku kwetu, na gari lililofungwa moja kwa moja litaendelea kusukuma petroli likiwa limelala kwa paa, mradi swichi imewashwa. Kuunga relei kwa kipande cha waya chenye fyuzi ili kujaribu, dakika mbili, ni sawa na ni njia nzuri. Kumwacha mtu aondoke nacho, hapana. Dereva akinuna, anune. Mzigo wa muguka una bei yake, na abiria wa kiti cha mbele je?

Turudi kwenye vipimo. Kila gereji siku hizi ina mita ya umeme, lakini wengi wanaitumia kama kipande cha karatasi cha kuonyesha mteja. Mnachomoa plagi ya pampu, mnaweka ncha mbili, mita inasoma volti 12, mnasema umeme upo, pampu ni mbovu. Mita haijasema uongo, ila mmeiuliza swali lisilofaa. Mita inavuta umeme mdogo mno, karibu na sifuri. Hata kiungo kilichojaa kutu ya kijani kitaipitishia volti zote 12. Pampu inavuta ampea 4 hadi 7. Chukulia ampea 5 zinapita kwenye kiungo chenye ukinzani wa nusu omu: volti 2.5 zinapotelea hapo, zinageuka joto, na pampu inabakiwa na volti 10 kasoro. Inazunguka, unaisikia, lakini haina nguvu. Gari linawaka, linatembea mjini vizuri, likifika mlima linakatakata.

Kwa hiyo pima plagi ikiwa imefungwa na pampu ikiwa inafanya kazi, ukiingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi. Huna mita nzuri? Chukua bulbu ya indiketa ya wati 21, iunge nyaya mbili, iweke badala ya pampu. Inavuta karibu ampea 2, na kiungo kibovu kitaifanya iwake hafifu kama kibatari. Bulbu hiyo ni bei ya chai na mandazi, nami nimeiona ikimshinda mtu mwenye mashine ya kusoma misimbo ya kompyuta. Mashine hizo ni nzuri. Lakini kwenye magari mengi haya tunayoletewa, kompyuta haina habari kwamba nati ya hasi imelegea chini ya zulia.

Niwape mfano mmoja. Ililetwa Probox nyeupe, mwenyewe anaitumia kati ya Siakago na Embu. Tambarare inaenda, ikianza kupanda inakata. Pampu ilikuwa imebadilishwa, kichujio kimebadilishwa, plagi za moto ni mpya. Injini ikiwa inanguruma bila gia, betri ilisoma 13.9. Kwenye pini mbili za pampu nikapata 10.6. Zimepotea 3.3, je, zimeanguka wapi? Nikaweka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu: 0.3 tu, upande huo ni mzima. Nikahamia hasi ya betri na hasi ya pampu: 3.0. Basi nikaacha kuitazama pampu, nikafuata waya mweupe wenye mstari mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi. Gari lilikuwa limegongwa nyuma, likanyooshwa, likapigwa rangi, na aliyepiga rangi hakufunika sehemu ya nati. Pete ya waya ilikuwa imekaa juu ya rangi nyeupe inayong'aa, safi kabisa, inapendeza macho. Umeme ulikuwa unapenya kwenye nyuzi za nati peke yake. Nikakwaruza rangi mpaka chuma kikaonekana, nikafunga, nikapaka grisi kidogo juu kuzuia kutu. Hasi ikashuka hadi 0.1, gari likapanda. Kazi nzima haikuhitaji kipuri hata kimoja.

Wengi hupima chanya wakaishia hapo. Wazee wa Njuri Ncheke hawatoi uamuzi wakiwa wamesikiliza upande mmoja, na ninyi msihukumu mzunguko wa umeme kabla hamjasikia hasi nayo inasema nini. Ukitaka kipimo cha kukumbuka: pampu ikiwa inafanya kazi, upande wa chanya usipoteze zaidi ya nusu volti, na upande wa hasi usizidi 0.2. Ikizidi, gawanya njia nusu kwa nusu mpaka upate kiungo kinachokula.

Nimesema mikono ya watu. Magari yetu yameguswa na wengi. Kuna king'ora cha wizi kilichofungwa mara tu gari lilipotoka bandarini Mombasa. Kuna kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na mkopeshaji, chenye relei ya kuzima gari mtu asipolipa. Kwenye matatu kuna kidhibiti mwendo, kilichokuja kwa nguvu na sheria za waziri Michuki mwaka 2004, kasi isizidi kilomita 80 kwa saa, na baadhi ya vidhibiti hivyo hufanya kazi kwa kukata umeme wa pampu. Vyote hivi vinapasua waya wa asili na kuweka kiungo kipya katikati, mara nyingi chini ya usukani, nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Baada ya mwaka mmoja wa vumbi la Ishiara na mvua ya Chogoria, tepu inateleza, shaba inageuka kijani, na gari linaanza kuzima lenyewe bila mpangilio. Leo linazima, kesho ni zima kabisa.

Kwa hiyo gari linalozima ovyo, swali lako la kwanza kwa mwenyewe liwe: kuna nini kimefungwa humu? Ataficha, hasa kama lina mkopo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe usingoje kifo. Inama chini ya dashibodi na tochi utafute relei nyeusi isiyo na jina wala nafasi yake kwenye sanduku, na nyaya zote za rangi moja. Ukiikuta, usiing'oe kwa sababu tu unajua. Ikiwa ni ya mkopeshaji, kuna mkataba ambao hukuusaini. Tengeneza kiungo kilichooza, hayo mengine wamalizane wao.

Na mtu usiyemjua akikuletea gari usiku akitaka ukitoe kifaa cha kulizima, omba logibuku na kitambulisho. Ujuzi huu una wateja wa aina mbili. Aina ya pili hulipa vizuri sana, mara moja.

Fyuzi nitaisemea upesi kwa sababu mnaijua na bado mnakosea. EFI huwa ya ampea 15 au 20, na iliyoandikwa kwenye kifuniko ndiyo iwekwe. Ikikatika kuna kilichoikata: waya uliochubuliwa na reli ya kiti, au pampu iliyokaza. Nimekuta karatasi ya sigara imekunjwa mahali pa fyuzi. Nimekuta msumari. Ukifanya hivyo umehamisha kazi ya kuungua kutoka kwa fyuzi kwenda kwa waya, na waya unapita chini ya miguu ya watu, jirani na tangi. Tena fyuzi isiangaliwe kwa macho pekee. Ina vidoti viwili vya chuma mgongoni, weka taa ya kupimia kwenye kila kimoja.

Relei nayo ina hila zake. Mlio wake wa tik unakwambia koili inavuta, haukwambii chuma cha ndani kinapitisha umeme. Nyingi zimeandikwa namba: 85 na 86 ndizo koili, 30 umeme unaingia, 87 unatoka kwenda kazini. Za Toyota mara nyingi ni 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa njia kubwa. Ikiwa ya honi inafanana nayo kwa namba na miguu, badilishana uone. Halafu kuna ile inayougua joto. Honda za miaka ya 1980 na 1990 zilijulikana dunia nzima kwa relei kuu ambayo risasi yake ya kulehemu ilipasuka ufa mdogo kama unywele. Asubuhi ya baridi Timau gari linawaka. Likiteremka Isiolo, likiegeshwa juani saa nzima, linakataa. Likipoa linawaka tena, na dereva anaapa kwamba ni petroli chafu. Fungua kifuniko cha relei, tazama chini kwa lenzi, lehemu upya miguu yote. Hata kwa gari la aina nyingine, kosa linalokuja na jua na kuondoka na jioni litafute kwenye relei na viungo kabla ya kwingine.

Pampu zipo zinazokufa kweli, na nyingi huuawa na wenyewe. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023, na huku kwetu haikuwa rahisi zaidi, kwa hiyo watu wamezoea kuweka ya mia mbili, taa ya akiba inawaka Jumatatu hadi Jumamosi. Tangi likiwa karibu tupu pampu inakosa wa kuipoza, inapata moto, inachakaa, inavuta ampea zaidi, na plagi iliyo juu ya tangi inaanza kuyeyuka. Ndiyo maana ukiikuta plagi imegeuka kahawia na pini moja imelegea, pima pia ampea za pampu: ondoa fyuzi, weka mita ya ampea 10 badala yake. Ikisoma juu sana, pampu inachoka na itaiunguza plagi mpya utakayofunga. Ikisoma chini sana huku mota inazunguka kivivu, kuna kiungo kinakula njiani.

Plagi iliyoyeyuka hukatwa, haikazwi kwa koleo. Tafuta nyingine kutoka gari lililovunjwa, ikiwa na kipande chake cha waya, usiweke waya mwembamba kuliko wa awali, bana, lehemu, funika kwa mpira unaojikaza kwa joto. Ndani ya tangi usitumie tepu ya kawaida hata siku moja. Petroli inaiyeyusha gundi na mabaki yake yanaziba kichujio. Waya wa ndani uwe ule unaostahimili petroli, vinginevyo nunua kishikio kizima cha pampu.

Mnapofungua tangi, fungueni nje, penye upepo, betri ikiwa imechomolewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kukaa kwenye shimo la gereji ukingoja cheche. Januari 2009 pale Sachang'wan, karibu na Molo, zaidi ya watu 100 walikufa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Mafuta yale yalishika moto. Kwa hiyo sigara, jiko la chai na mashine ya kulehemu vikae mbali, na pampu isijaribiwe kwa kugusisha nyaya kwenye betri juu ya tundu la tangi lililo wazi. Najua mnafanya hivyo. Acheni.

Kuhusu malipo. Kupima ni kazi, itozwe. Mwambie mteja tangu mwanzo: kutafuta kosa ni kiasi fulani, kulitengeneza tutajua tukilipata. Mwanzoni watalalamika kwamba umekwaruza rangi tu kisha unataka pesa. Mwandikie volti ulizozikuta kabla na baada, mpe karatasi yake. Anayeziona namba mbili hizo mara nyingi hulipa, na akifika kijiweni huzisimulia kuliko wewe mwenyewe. Wale ambao hawajafanya mtihani wa NITA, nendeni mkaandikishwe, Gredi ya Tatu kwanza. Si kwa sababu cheti kinatengeneza gari, ila kampuni na kaunti zenye magari mengi huuliza karatasi kabla ya mikono.

Na siku ambayo hakuna wateja, msikae kwenye simu. Chukueni betri kuukuu, fyuzi, relei, swichi, nyaya ndefu na ile bulbu ya wati 21 badala ya pampu, mfunge mzunguko wote juu ya ubao. Mmoja wenu afiche kosa, wengine walitafute kwa mita bila kuvuta waya wowote, wakiandika volti za kila kiungo. Anaweza kupaka rangi chini ya pete ya hasi, kubadilisha miguu ya relei, au kuchomeka kiungo kilicholala kwenye maji ya chumvi juma zima. Hicho cha maji ya chumvi kifungeni mbali na bulbu, upande wa hasi, na msimwambie mtu.